Usipige msasa jina la kinanda

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni fundi samani hapa Mtwara mjini, karakana yangu ipo Chikongola. Kazi zangu za kila siku ni vitanda, makabati na milango. Hivi karibuni mama mmoja wa Shangani ameniletea kinanda cha marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu wa kwaya upande wa Ndanda. Ni kile cha mbao cha kukanyaga kwa miguu, cha siku nyingi. Kilikuwa kimelala stoo huko kwao, kikaja mjini juu ya Kenta kikiwa kimezungushiwa magodoro. Mivukuto imechanika, pedali moja imekatika mkanda, na mbao za nyuma zimeliwa kidogo na bungua. Hayo hayanisumbui. Ngozi, gundi na mbao ndiyo kazi yangu.

Kinachoninyima usingizi ni maandishi. Juu ya vibonye, kwenye ubao wa mbele, kuna jina la kiwanda kwa herufi za dhahabu zenye kivuli cheusi: Mannborg, na chini yake Leipzig. Herufi hizo hazikuchongwa wala hazikupakwa kwa brashi. Nilipomulika tochi ya simu kwa ubavuni niliona ni utando mwembamba uliobandikwa, na kingo zake zimeanza kuinuka. Herufi mbili za mwisho za Leipzig zimebaki vipandevipande. Nilipuliza vumbi, kijipande kimoja kikatikisika. Nikaacha hapo hapo.

Jirani yangu wa karakana, ambaye amenizidi umri na uzoefu, anasema najisumbua bure. Nipige msasa ubao wote, nipake vanishi mpya, halafu watu wa stika watanitolea jina lile lile kwa kompyuta, la dhahabu, siku hiyo hiyo. Kijana wangu wa kazi naye anataka tupitishe pamba yenye spiriti ili herufi zing'ae, kisha tupulizie kliya ya magari juu zisibanduke tena. Mama mwenyewe ameniambia, "Mwanangu, nataka kiwe kama siku ile baba alipokileta nyumbani." Ndugu zake wanakuja kutoka Dar es Salaam kwenye misa ya kumbukumbu ya baba yao, na kinanda kipigwe siku hiyo. Lakini huyo huyo mama alipoyaona maandishi aliyapapasa kwa kidole, akasema baba yake alikuwa akiyafuta kwa kitambaa kila Jumamosi jioni kabla ya kwenda kanisani.

Sasa nimekwama. Naweza kuyasafisha, na kwa kitu gani? Naweza kuyafunika yasiendelee kubanduka? Nikiweka jina jipya ni kosa? Na huyu mama nimwambie nini?

Fundi wa Chikongola, Mtwara

---

Marahaba, fundi wangu.

Msasa uweke mbali, ushike bisibisi. Kwenye vinanda vingi vya kukanyaga, ubao wenye jina ni kipande cha peke yake kilichosimama nyuma ya vibonye, na kimeshikwa kwa skrubu chache za ubavuni au za ndani. Inua kifuniko cha juu, chungulia kwa tochi, utaziona. Kama zina kutu usizilazimishe. Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze, na kila skrubu uifunge kwenye karatasi yenye maelezo ya mahali ilipotoka. Ubao ukishatoka, ulaze chali kwenye shuka safi, maandishi yakitazama juu, uufunike kwa boksi tupu lisilogusa kitu. Uweke chumba ambacho hakuna anayepiga randa, na feni izimwe.

Hapo umeshamaliza nusu ya wasiwasi wako. Kwa nilivyoona mimi, maandishi mengi ya ala za zamani hayauawi na mtu aliyekuwa akiyasafisha. Yanauawa na kazi ya jirani: vumbi la msasa, tone la thina, mkono wenye gundi, tepu iliyobandikwa "kwa muda tu". Ubao ukiwa chumba kingine, mivukuto ibomoe, pedali zifumue, mbao za nyuma zibadilishe. Na kama ubao wa kwako haufunguki, basi kata kipande cha boksi gumu kilicho kikubwa kuliko maandishi, kikae juu yake kikiwa kimenyanyuliwa na vijiti viwili, na tepu yake ishike mbali, kwenye mbao tupu. Tepu isiguse herufi hata kwa dakika moja. Ikitoka, inatoka nazo.

Sasa uelewe unashughulika na kitu gani, maana ukikielewa hutahitaji kuniuliza kila dawa moja moja. Hiyo ni chapa ya kuhamishwa. Jina lilichapwa kwanza kwenye karatasi iliyopakwa gundi ya kuyeyuka kwa maji, tabaka juu ya tabaka: vanishi, rangi ya kivuli, unga wa madini wa rangi ya dhahabu. Karatasi ikaloweshwa na kubandikwa, kisha ikaondolewa, ule utando wa jina ukabaki juu ya ubao uliokwisha kung'arishwa. Aghalabu wakamalizia kwa kupitisha shelaki, yaani utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti, au vanishi juu. Kazi ya namna hiyo hiyo unaiona kila siku. Nenda kwa mshona nguo yeyote mwenye cherehani ya zamani ya Singer, uangalie pale kitambaa kinapopita mbele ya sindano: dhahabu imekwisha, limebaki jeusi tupu, wakati upande wa nyuma maua yote bado yapo. Hakuna aliyekwangua. Ni kitambaa tu, miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo utando wako una maadui watatu wanaoingia kwa milango tofauti. Maji yanaingia pembeni, palipoinuka, na kulainisha ile gundi ya chini. Spiriti inayeyusha shelaki iliyo juu na iliyo chini kwa pamoja. Msuguano unakula unga wa madini. Mkononi mwa kijana wako, pamba yenye spiriti inaleta wawili kati ya hao kwa mpigo mmoja. Atakapoona pamba imegeuka rangi ya chai atadhani ni uchafu unatoka, kumbe ni sakafu yenyewe iliyobeba herufi. Mwambie kwa upole, ila mwambie leo.

Hata hivyo usinisadiki kwamba ni shelaki. Pima. Chagua mahali ambapo hapaonekani na pako mbali na jina, kwa mfano ukingo wa chini wa ubao uliokuwa umefichwa na fremu. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye spiriti, gusisha tone dogo, hesabu mpaka kumi, kisha gusa kwa kijiti kikavu. Pakiwa pananata kama peremende iliyolambwa, ni shelaki. Pasipolainika, futa, ngoja pakauke, jaribu thina kwa namna hiyo hiyo pembeni kidogo. Ikilainika kwa thina na haikulainika kwa spiriti, huenda ni ile vanishi ya nitroselulosi iliyoenea kwenye samani na magitaa kuanzia miaka ya 1920. Isipolainika kwa yoyote upesi, huenda ni vanishi ya mafuta, ya utomvu uliopikwa. Mafundi wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19 walipenda sana vanishi hizo, na utomvu mmojawapo waliousifu kwa ugumu ni sandarusi ya pwani yetu hii, iliyochimbwa ardhini, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi bandari kama Salem kule Massachusetts. Wazee wa Kilwa na Lindi waliichimba bila kujua itaishia juu ya meza ya nani. Simaanishi kwamba imo kwenye kinanda chako, ila nikikutana na vanishi ngumu ya zamani hunijia akilini.

Turudi kwenye kusafisha. Vumbi liondoe kwa brashi laini mpya, ile ndogo ya vipodozi inafaa sana kuliko ya rangi. Usivute brashi kuvuka herufi iliyoinuka. Isogeze kutoka katikati ya herufi kuelekea nje, na usipulize kwa mdomo tena wala kwa mashine ya upepo. Pale utando umeshika vizuri, na pale tu, unaweza kuendelea na unyevu. Zungushia pamba kidogo kwenye kijiti, ichovye maji yaliyotoneshwa, kisha uikamue kwenye kitambaa mpaka usione tone. Halafu uiviringishe juu ya uchafu, usiisugue. Ikichafuka itupe, utengeneze nyingine. Maji yaliyotoneshwa utayapata kwa wauza betri za magari, lakini soma chupa kwa makini kabla ya kufungua, kwa sababu rafu hiyo hiyo huwa na asidi ya betri.

Kuna kitu kingine utacheka nikikitaja: mate. Uchafu wa kinanda cha nyumbani ni mafuta ya vidole, moshi wa mishumaa na wa taa ya chemli, na mate yana vimeng'enya vinavyoushughulikia uchafu wa namna hiyo. Mafundi wa makumbusho huyatumia, na mwaka 2018 watafiti watatu wa Ureno walipewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia kwa kupima jinsi mate yanavyosafisha. Tuzo hiyo ni ya vituko, lakini kipimo chao kilikuwa cha kweli. Pamba iliyolowa mate kidogo, iviringishe, kisha fuata na pamba ya maji yaliyotoneshwa, kisha kavu. Usiwe umetoka kula pilipili wala chumvi nyingi.

Kwenye zile herufi mbili za mwisho usifanye hata hilo. Hapo kwanza ni kulaza kingo, ndipo ufikirie usafi, na pengine usifikirie kabisa. Gundi yake nunua dukani wanakouza vifaa vya keki: jelatini isiyo na rangi wala ladha. Gramu 2 au 3 kwa mililita 100 za maji yaliyotoneshwa zinatosha. Iache ivimbe kwenye maji baridi, kisha kikombe ukisimamishe ndani ya maji ya moto mpaka iyeyuke. Isichemke. Isubiri ipoe iwe vuguvugu tu, kwa sababu shelaki ikipata joto na maji pamoja inaweka madoa meupe. Chukua brashi ndogo kuliko zote, gusisha tone kwenye ukingo ulioinuka, uondoe mkono. Usipake. Tone litajivuta lenyewe kuingia chini ya utando. Ngoja utando ulainike kidogo, weka karatasi ya kuokea keki juu yake, kandamiza kwa ncha ya kidole, kisha weka uzito mdogo, kitu kama boksi la viberiti lililojaa misumari midogo, ulale usiku kucha. Fanya kijisehemu kimoja, uone kesho yake, ndipo uende kingine. Wanaohifadhi picha za kuchora hutanguliza tone la alikoholi ili gundi ipenye vizuri. Wewe usiwaige, shelaki ipo chini. Kijipande kikitoka kabisa mkononi mwako, kishike kwa ncha ya brashi yenye unyevu, ukiweke kwenye bahasha, uandike kimetoka herufi gani. Usikitupe.

Jelatini ina ubaya mmoja huku pwani: ikiwa nyingi itaota ukungu masika. Ndiyo maana nasema tone, na ubao ukae panapopita hewa. Kama upo Newala juu, hofu hiyo ni ndogo zaidi. Mtwara mjini na Mikindani msijidanganye.

Kliya ya magari. Hapa sina lugha ya kubembeleza. Ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ikishakauka haiyeyuki tena, na ukitaka kuitoa utatoka na jina. Na kabla hata haijakauka, thina yake ni kali kiasi kwamba utando wa zamani unaweza kujikunja mbele ya macho yako. Sheria ninayoifuata kwenye ala yoyote yenye thamani ni kwamba ninachoweka leo lazima mwenzangu aweze kukiondoa baada ya miaka 50 bila kuumiza kilicho chini. Kliya ya hadina haivuki mtihani huo. Shelaki mpya nayo, ingawa inaondoka, huwezi kuipaka kwa kitambaa juu ya herufi, kwa sababu spiriti yake itaamsha shelaki ya zamani. Wapo wanaopulizia ukungu mwepesi sana wa vanishi, unaofika ukiwa karibu umekauka, wakarudia mara kadhaa kabla ya kupaka koti lolote la kweli. Inawezekana, kwa mkono uliozoea na baada ya majaribio mengi kwenye ubao wa mazoezi. Kwenye kinanda cha mama huyo sioni sababu ya kujaribu. Ubao wa jina haukalii mtu, hauwekwi sahani, haupigwi na mvua. Kingo zikishalala, kinachotakiwa ni kuuacha.

Na ukiwa unajibu maswali ya watu wa nyumbani, wape orodha ya vitu visivyokaribia herufi hizo. Mafuta ya nazi ya kung'arishia, ambayo yananata vumbi na kuwa utando mweusi. Brasso, maana ile dhahabu mara nyingi ni unga wa shaba na zinki, na ikiwa imeingia rangi ya kahawia au kijani basi ni hewa ya bahari imeifanyia hivyo. Ukiisugua ing'ae, itang'aa dakika moja kisha hutaiona tena. Dawa za kupulizia wadudu, nyingi zimechanganywa na mafuta ya taa. Kwa bungua wa mbao za nyuma, tia dawa kwa sindano kwenye tundu moja moja, ubao wa jina ukiwa chumba kingine. Atatokea pia mtu atakayekushauri upake mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa sisi wa kusini tunayajua kwa kulinda nguzo na mitumbwi. Kwa nguzo ni sawa. Yanaunguza ngozi, yanaacha rangi nyeusi isiyotoka, na yakikauka hayarudi nyuma. Kwenye kinanda, hata mgongoni, sikushauri.

Sasa jirani yako na stika yake. Simlaumu, kwa mlango wa sebuleni mimi mwenyewe ningefanya anavyosema. Lakini hapa jina ni ushahidi. Theodor Mannborg alianzisha kiwanda chake mwaka 1889 huko Borna, mji mdogo karibu na Leipzig, na baadaye akahamia Leipzig kwenyewe. Ndiyo kusema lile neno la chini, ambalo ndilo linalobanduka, linakuambia kinanda hiki hakikutoka Borna. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906. Mtu akitaka siku moja kufuatilia kinanda kama hiki kiliingiaje nchini, umbo la herufi, jina la mji na namba ya ndani ndivyo atakavyoanzia. Stika ya kompyuta itaandika jina sahihi kwa herufi za leo, na atakayeisoma hatapata chochote cha kumsaidia.

Wapiga gitaa wanalijua hili kuliko sisi wa vinanda. Nembo ya Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, ilibadilika sura mara kadhaa, na watu hutofautisha magitaa ya kabla na ya baada ya shirika la utangazaji la CBS kuinunua kampuni hiyo mwaka 1965 kwa kuanzia kwenye kichwa cha gitaa. Gitaa la zamani lenye nembo iliyochakaa nusu huheshimika. Lenye nembo mpya inayometameta juu ya mbao ya zamani, mnunuzi anaanza kuuliza maswali mengine yote. Kwa hiyo msomaji mwingine mwenye gitaa la baba yake uvunguni, jibu lako pia ni hilo: usiagize nembo mpya kwenye intaneti ukaibandika juu ya iliyopo.

Hiyo haina maana kwamba mama asipate kitu cha kufurahisha macho siku ya misa. Kabla hujagusa chochote, piga picha za ubao ukiwa umelala, simu ikiwa juu yake sawasawa, rula ikiwa kando ya herufi, mara moja kwa mwanga wa dirisha na mara moja kwa tochi ya ubavuni. Picha ya tochi ni ya kwako, inaonyesha kila ukingo ulioinuka. Picha ya dirisha wapelekee hao hao watu wa stika. Wakuchoree jina zima kwa kipimo kile kile, wakijazia herufi mbili zilizovunjika kwa kufuata picha, walichape kwenye karatasi nzuri, uliweke ndani ya fremu ndogo. Fremu isimame juu ya kinanda siku ya misa, na nyuma yake uandike kwamba ni nakala na mwaka ulioitengeneza. Hapo jirani yako naye ameheshimiwa, na watu wa stika wamepata hela yao.

Kwa mama mwenyewe, usianze na shelaki wala jelatini. Mketishe mbele ya ubao, umulike tochi kwa ubavuni, umwonyeshe jinsi dhahabu ilivyopungua zaidi katikati na kubaki nene kwenye ncha. Muulize baba yake alikuwa akifuta kwa mkono gani, akianzia wapi. Nadhani ataona mwenyewe. Kule kuchakaa ni Jumamosi za baba yake, na stika mpya ingezifuta zote kwa siku moja. Ukiona bado anasita, mwambie neno moja la kifundi: jina la zamani likibaki, jipya linaweza kuwekwa mwaka wowote, lakini la zamani likishapigwa msasa hakuna duka linaloliuza. Kisha mpeleke akaone mivukuto mipya ikivuta hewa. Alisema kiwe kama siku ile kilipoletwa, na sidhani siku hiyo watu walikuwa wakisoma herufi. Walikuwa wakisikiliza.

Bei usione aibu. Kulaza kingo za herufi kwa jelatini ni saa nyingi za kuinama na hakuna kinachoonekana kimebadilika ukimaliza, kwa hiyo mteja atashangaa analipia nini. Picha zako za tochi, za kabla na za baada, ndizo risiti. Mwonyeshe.

La mwisho. Kabla hujarudisha ubao mahali pake, ugeuze, ukiushika kwa kingo, uangalie mgongo wake na ule upande wa ndani wa sanduku ulipokuwa umeegemea. Viwandani walikuwa wakiandika namba kwa penseli au kupiga muhuri kwenye vipande vya kinanda kimoja ili visichanganyike na vya kingine. Namba ya mgongoni mwa ubao ikilingana na iliyomo ndani ya sanduku, basi ubao huo ndio uliotoka na kinanda kiwandani na haujawahi kubadilishwa. Usipitishe randa wala gundi hapo, na usiifanyie penseli usafi wa aina yoyote. Piga picha zote mbili unitumie, pamoja na ya herufi mbili za mwisho baada ya usiku wa kwanza wa jelatini, nione kama tone lako lilikuwa kubwa mno.